Punje Changa Kuliko Zote: Jinsi Zirkoni Inavyotaja Umri wa Miamba ya Mashapo

Mwaka 2013, jarida la Nature lilitangaza mataya mawili yaliyofukuliwa kwenye bonde la Mto Nsungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, upande wa Mbeya. Taya moja lilikuwa la mnyama wa ukoo wa sokwe, likaitwa Rukwapithecus fleaglei. La pili, kipande kidogo chenye jino moja, lilikuwa la mnyama wa ukoo wa nyani na tumbili, likaitwa Nsungwepithecus gunnelli. Hapakuwa na mabaki ya koo hizo mbili ya zamani kuliko hayo, na yalionyesha kwamba kufikia wakati huo zilikuwa zimeshaachana njia. Wakati wenyewe ulitajwa: miaka milioni 25.2 iliyopita.

Milioni 25.2. Hawakusema milioni ishirini na kitu, wala kati ya 20 na 30. Kuna nukta, na baada ya nukta kuna tarakimu. Msomaji makini anapaswa kusimama hapo na kuuliza tarakimu hiyo imetoka wapi, kwa sababu mfupa haujaandikwa tarehe, na mchanga uliouzika ulitoka kwenye milima ya zamani kuliko mnyama mwenyewe kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni kaboni, na si sahihi. Kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Kitu chenye umri unaozidi miaka 50,000 hivi hubaki na kaboni-14 kidogo mno isiyotosha kupimika. Kwa mkaa wa jiko la kale au mbegu za mtama zilizochimbwa kwenye magofu ya pwani, kaboni inafaa sana. Kwa taya la Nsungwe haina la kusema.

Jibu limo ndani ya madini madogo yanayoitwa zirkoni. Lakini kabla ya zirkoni ni lazima tuuelewe ugumu wenyewe, maana hapo ndipo habari nyingi za magazetini huteleza.

Mwamba uliotokana na volkeno una siku ya kuzaliwa. Uji wa moto ulipoa, fuwele zikaganda, na tangu hapo saa ikaanza kuhesabu. Miamba ya mashapo haina siku kama hiyo. Jiwe la mchanga ni mkusanyiko wa vitu vilivyokuwapo tayari: mvua inakwangua mlima, mto unabeba, ziwa au bahari inapokea, tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito wa juu unaubana mchanga wa chini ukawa jiwe. Kila punje ndani yake ilizaliwa mahali pengine, wakati mwingine. Ukipima umri wa punje, umepima umri wa punje. Siku mto ulipoitua hapo ni jambo jingine kabisa.

Chukua kibubu cha udongo. Kimevunjwa, sarafu zimetawanyika juu ya mkeka. Nyingi ni za shilingi 100 zilizopigwa mwaka 1994, chache ni za shilingi 200 za mwaka 1998, na iko moja ya shilingi 500 yenye mwaka 2014. Mwenye kibubu hayupo. Sarafu ya mwisho ilitumbukizwa lini? Huwezi kujibu 1994 kwa sababu tu sarafu nyingi zimeandikwa hivyo. Huwezi pia kutafuta wastani. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kimoja: mwaka 2014, au baada yake, kuna mtu aliyekuwa bado anatia akiba humo. Huenda ilikuwa 2014 yenyewe, huenda 2020, huenda juzi. Sarafu changa kuliko zote imekuwekea mpaka wa upande mmoja, na upande wa pili imeuacha wazi.

Tabaka la mchanga ni kibubu hicho, na punje za zirkoni ndizo sarafu. Haliwezi kuwa la zamani kuliko punje changa kuliko zote iliyomo ndani yake. Kuwa changa zaidi linaweza, pengine kwa miaka mingi sana.

Mfano ulio maarufu duniani uko magharibi mwa Australia, kwenye vilima vya Jack Hills. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kipande cha zirkoni kutoka huko chenye umri wa miaka bilioni 4.4, mojawapo ya vipande vya kale kabisa vya Dunia vilivyowahi kupimwa. Habari zilipoenea, wengi walielewa kwamba mwamba wa Jack Hills una umri huo. Sivyo. Mwamba wenyewe ni wa kokoto na mchanga ulioshindiliwa takriban miaka bilioni 3 iliyopita. Punje ilikuwa imeshaishi zaidi ya miaka bilioni moja kabla ya kutua hapo.

Kwa nini zirkoni

Zirkoni ni mchanganyiko wa elementi ya zirkoniamu, silikoni na oksijeni. Hujitengeneza ndani ya uji wa moto wenye silika nyingi, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, kama ule unaozaa granaiti, na kwa kawaida fuwele zake hazifiki hata milimita moja. Ni ngumu kuliko kwatzi, yale madini ya kawaida ya mchangani, ni nzito, na kemikali nyingi hazina nguvu juu yake. Mlima mzima ukisagwa na mvua na jua, feldspa ikageuka udongo wa mfinyanzi, mika ikaoza, zirkoni hubaki ilivyo. Mto ukiibeba kilomita elfu moja, hufika ikiwa na kona zilizolika kidogo tu. Joto lililo chini ya ardhi likigeuza mwamba mzima kuwa mwamba mwingine, mara nyingi zirkoni huvuka salama, hata ikavikwa gamba jipya juu ya kiini cha zamani.

Ustahimilivu huo peke yake usingetosha. Lililo muhimu zaidi ni tabia yake ya kuchagua. Fuwele ya zirkoni inapokua, atomu za urani huingia ndani yake bila shida kubwa, kwa sababu zinatosha kwenye nafasi za zirkoniamu. Atomu za risasi, ile metali nzito, hazitoshi, na hubaki nje. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa, zirkoni ina urani kidogo na takriban haina risasi kabisa. Kisha urani huanza kuoza yenyewe, hatua kwa hatua, na mwisho wa safari yake ni risasi. Risasi yoyote utakayoikuta ndani ya fuwele baada ya mamilioni ya miaka, karibu yote imezaliwa humo humo. Hii ndiyo sababu wataalamu wa miamba wanaipenda zirkoni kuliko madini mengine yote, na nadhani wana haki: ni nadra kupata saa ambayo ilianzishwa ikiwa kwenye sifuri.

Wazo la kupima umri wa madini kwa urani na risasi lina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1911 Mwingereza Arthur Holmes, akiwa kijana wa miaka 21 tu, alichapisha umri wa miamba kadhaa kwa njia hiyo. Mwaka huo huo alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akapatwa na malaria. Miongo minne baadaye, mwaka 1951, yeye ndiye aliyeupa jina Ukanda wa Msumbiji, mstari mrefu wa miamba ya kale unaopita Msumbiji, Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini. Milima ya Usambara, Upare na Uluguru ni sehemu yake. Miamba mingi ya ukanda huo iliokwa upya ndani ya ardhi wakati mabara yalipogongana, takriban miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita, na zirkoni zake zimesambaa kwenye michanga ya Afrika Mashariki hadi leo.

Saa mbili ndani ya punje moja

Urani ya kawaida ina aina mbili zinazotuhusu. Urani-238 ndiyo nyingi, na huchukua miaka bilioni 4.47 kupungua kwa nusu, ikiishia kuwa risasi-206. Urani-235 ni chache, kama moja kwa kila 138, na yenyewe huoza haraka zaidi: nusu yake huisha kwa miaka milioni 704, ikiishia kuwa risasi-207. Ni kama kuwa na saa mbili zenye mwendo tofauti, zilizoanzishwa dakika ile ile na kufungiwa sanduku moja.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayoiondolea namba ile ya 25.2 hali ya muujiza. Punje ya miaka milioni 25 ina atomu 4 hivi za risasi-206 kwa kila atomu 1,000 za urani-238 zilizobaki. Punje ya miaka milioni 640, mfano wa ile iliyotoka Ukanda wa Msumbiji, ina atomu kama 104. Punje ya miaka bilioni 1.9, mfano wa miamba ya Ukanda wa Ubende inayozunguka Ziwa Rukwa, ina takriban 343. Punje hizo tatu zinaweza kulala pamoja kwenye kiganja kimoja cha mchanga, za rangi moja na ukubwa mmoja, na jicho lisione tofauti yoyote.

Na nukta je? Tofauti kati ya miaka milioni 25.0 na 25.2 ni hii: kwa kila atomu 100,000 za urani-238 zilizobaki, ya kwanza ina atomu 389 za risasi, ya pili ina 392. Atomu tatu. Ndani ya tofauti hiyo kuna miaka 200,000, na maabara nzuri ina uwezo wa kuiona.

Faida ya saa mbili ni kwamba zinakaguana. Kama punje haikuguswa na chochote tangu izaliwe, saa zote mbili zitataja umri mmoja. Kama maji ya moto au ufa umeiwezesha risasi kutoroka, saa zitatofautiana, na mpimaji atajua kwamba punje hiyo ina kasoro. Mwaka 1956 George Wetherill alionyesha namna ya kuzichora saa hizo mbili kwenye grafu moja, na mchoro wake unatumika mpaka leo. Kuna tatizo moja ambalo tutalirudia: kwa punje changa, saa ya urani-235 inakuwa haijazalisha risasi ya kutosha, hivyo ukaguzi wake ni dhaifu. Punje zilizo changa ndizo tunazozihitaji zaidi, na ndizo ambazo ukaguzi wake ni mgumu zaidi.

Kutoka jiweni hadi kwenye namba

Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Geita au Chunya akitazama nusu ya kwanza ya kazi hii, ataitambua mara moja. Kilo kadhaa za jiwe zinasagwa. Unga unaoshwa kwa maji ili vyepesi viondoke na vizito vibaki, kanuni ile ile ya karai. Sumaku inaondoa vyenye chuma. Kinachobaki hutiwa kwenye kimiminiko kizito sana, kizito zaidi ya mara tatu ya maji. Kwatzi inaelea, zirkoni inazama.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya sindano na darubini. Punje zinapangwa moja moja, zinamwagiwa gundi inayoganda ngumu kama kioo, kisha zinasuguliwa mpaka zifike nusu, ili tumbo la kila punje lionekane. Zinapigwa picha kwa miale ya elektroni, na hapo ndipo punje nyingi hufichua historia yake: miduara ya ukuaji, kiini cha zamani katikati, gamba changa pembeni. Picha hizi si pambo. Ukipiga leza mahali kiini na gamba vinapokutana, utapata umri uliochanganyika, usio wa kiini wala wa gamba, umri wa tukio ambalo halikuwahi kutokea.

Leza hutoboa kishimo chenye upana wa kama sehemu 30 za elfu za milimita, chembamba kuliko unywele. Vumbi linalotoka linapelekwa kwenye mashine inayotenganisha atomu kwa uzito wake na kuzihesabu. Punje moja huisha kwa dakika moja au mbili. Kwa sababu hiyo maabara huweza kupima punje mia na zaidi kwa siku moja, na wingi huo una maana. Pieter Vermeesch alionyesha mwaka 2004 kwamba, hata katika hali ngumu kuliko zote, ukitaka uhakika wa asilimia 95 kwamba hujaliruka kundi lolote linalofanya asilimia 5 au zaidi ya mchanga, inabidi upime punje 117. Ukipima ishirini tu, sarafu yako ya shilingi 500 inaweza kuwa bado imo kwenye vumbi ulilolifagia.

Leza ina haraka, lakini usahihi wake kwa kawaida ni wa asilimia moja hadi mbili. Kwa punje ya miaka milioni 25 hiyo inaweza kufika nusu milioni ya miaka huku na huku. Anayetaka usahihi zaidi huichomoa punje, huipasha joto kali, kisha huiloweka kwenye asidi ya hidrofloriki ili sehemu zilizoharibika na kupoteza risasi ziyeyuke na kuondoka. James Mattinson alieleza njia hiyo mwaka 2005, na ilibadilisha kazi nzima. Kilichobaki, ile sehemu nzima isiyo na dosari, huyeyushwa yote na kupimwa polepole. Usahihi unafika sehemu moja kwa elfu, na hata zaidi ya hapo. Gharama yake ni muda: punje chache, siku nyingi.

Mitego ya punje changa

Sasa turudi kwenye kibubu, maana sehemu ngumu ya kazi inaanzia hapa.

Mtego wa kwanza ni sarafu ya bandia. Punje iliyopoteza sehemu ya risasi yake huonekana changa kuliko ilivyo. Katika punje mia moja, ile inayosoma umri mdogo kuliko zote ina hatari kubwa ya kuwa ndiyo iliyoharibika. Ukiitegemea peke yake, unaweza kutangaza kwamba mwamba ni changa kuliko ukweli, na kosa hilo ni baya kwa sababu linavunja ile kanuni pekee uliyokuwa nayo. Ndiyo maana watafiti makini hawaridhiki na punje moja. Wanatafuta kundi, angalau punje tatu zinazokubaliana ndani ya kiwango cha makosa ya kipimo, na wengi huzichomoa hizo hizo na kuzipeleka kwenye kipimo cha asidi kabla ya kusema lolote. Mimi humpima mwandishi wa ripoti kwa jambo hili. Akitaja umri wa tabaka kwa punje moja bila maelezo, nasoma yaliyobaki kwa tahadhari.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na hauondoki kwa asidi yoyote: mahali pasipo na volkeno, hakuna sarafu mpya. Zirkoni mpya huja kutoka kwenye uji wa moto mpya. Kama mto unapita nchi ambayo haijapata volkeno kwa miaka milioni mia tano, mchanga wake hautakuwa na punje yoyote ya chini ya hapo, hata ukiwa umetua jana.

Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, inalionyesha jambo hili vizuri. Michanga ya Magarini ya huko ilichimbwa kibiashara tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024 kwa ajili ya madini ya titani na zirkoni. Kazi kubwa ya zirkoni duniani ni kuyapa weupe yale marumaru ya sakafuni na masinki ya bafuni. Michanga hiyo ni ya siku za karibuni kijiolojia, milundo iliyojengwa na upepo miaka milioni chache tu iliyopita. Chanzo chake ni mawe ya mchanga ya Duruma, yaliyo nyuma ya pwani, ya zamani za kabla na wakati wa mwanzo wa dinosaria. Na mawe ya Duruma nayo yalikuwa mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye miamba ya kale zaidi ya bara. Punje ile ile imekuwa sehemu ya mlima, ikawa mchanga, ikawa jiwe, ikawa mchanga tena. Ukiipima, saa yake itataja kuzaliwa kwake mlimani. Safari mbili zilizofuata hazimo kwenye saa hiyo hata kidogo.

Lakini punje hizo hazikosi faida. Umri wake ni kama cheti cha kuzaliwa kinachotaja kijiji. Ukikuta mchanga wenye punje nyingi za miaka milioni 600, unajua mto ulishuka kutoka Ukanda wa Msumbiji. Punje za miaka bilioni 1.9 zinakupeleka Ubende. Za miaka bilioni 2.6 zinakupeleka kwenye ule msingi wa kale wa katikati ya Tanzania, Dodoma hadi Mwanza. Mchanganyiko ukibadilika ghafla kutoka tabaka la chini kwenda la juu, basi mito imebadili njia, au mlima mpya umeinuka. Kwa kukadiria tarehe punje kongwe hazisaidii sana. Kwa kuchora ramani ya mito iliyokufa, ni hazina.

Majivu ya Nsungwe

Kinachoufunga ule upande ulioachwa wazi ni majivu. Volkeno ikilipuka, majivu yake huenea angani na kutua ndani ya siku chache juu ya kila kitu: ziwa, tope, nyasi, mizoga. Ndani ya majivu hayo kuna zirkoni zilizoganda punde kabla ya mlipuko. Tabaka hilo jembamba likifunikwa na tope jingine kabla halijasombwa, umepata kitu adimu sana, tabaka la mashapo lenye siku ya kuzaliwa. Ni kama kuvunja kibubu ukakuta, kati ya sarafu, risiti ya dukani yenye tarehe.

Risiti hiyo nayo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Zirkoni inaweza kukaa ndani ya tumbo la volkeno kwa maelfu mengi ya miaka kabla ya mlipuko, na mlipuko wenyewe hukwangua punje za kale kutoka kwenye kuta za njia yake. Majivu yaliyotua ziwani moja kwa moja ni shahidi mzuri. Majivu yaliyosombwa na mvua kutoka mlimani baada ya muda mrefu ni shahidi wa kusikia. Volkeno nazo hazifanani: zile za basalti, zenye silika kidogo, mara nyingi hutoa zirkoni chache mno au hazitoi kabisa, na hapo wapimaji hugeukia madini mengine.

Bonde la Rukwa lilikuwa fumbo kwa muda mrefu. Mawe yake mekundu ya mchanga yalipewa kila umri, kuanzia wakati wa dinosaria hadi miaka milioni chache iliyopita, kwa sababu yanafanana toka chini hadi juu na visukuku vilikuwa haba. Kuanzia miaka ya 2000, timu iliyowaunganisha watafiti wa Tanzania, Marekani na Australia, wakiwamo Eric Roberts, Nancy Stevens, Patrick O'Connor na marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza kuyapitia tabaka kwa tabaka. Ikagundulika kwamba mawe yale mekundu ni vitu viwili tofauti vilivyolaliana. Ya chini, yaliyopewa jina la Galula, yana dinosaria. Ya juu, yaliyopewa jina la Nsungwe, hayana. Yana mamalia, vyura na samaki. Katikati yao kuna pengo la makumi ya mamilioni ya miaka ambalo jicho halilioni.

Na ndani ya sehemu ya juu ya Nsungwe kulikuwa na majivu. Zirkoni na madini mengine kutoka kwenye majivu hayo yakasema takriban miaka milioni 25. Tabaka lenye mataya halihitaji hata kuwa na majivu ndani yake. Likiwa limebanwa, majivu chini na majivu juu, umri wake hauna pa kukimbilia. Hivyo ndivyo ilivyopatikana 25.2.

Majivu hayo yalibadilisha na jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, halikupata sifa inayostahili. Majivu yanamaanisha volkeno, na mashapo manene yaliyojaza bonde yanamaanisha kwamba bonde lilikuwa limeshaanza kuzama. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lile la Tanganyika na Rukwa, lilianza miaka milioni 12 hivi iliyopita, muda mrefu baada ya tawi la mashariki. Mwaka 2012 Roberts na wenzake walionyesha kwamba Rukwa ilikuwa tayari inapasuka na kuunguruma miaka milioni 25 iliyopita, sambamba na tawi la mashariki. Katika hoja yao walitumia aina zote mbili za zirkoni: zile za majivu kutoa tarehe, na zile kongwe zilizobebwa na mito kuonyesha jinsi njia za maji zilivyobadilika nchi ilipoinuka.

Mawe ya Galula, yaliyo chini, hayakupata bahati hiyo. Ndiyo yaliyotupa Pakasuchus, mnyama wa jamii ya mamba mwenye meno yanayokumbusha ya paka, aliyetangazwa mwaka 2010 na kupewa jina la pili kapilimai kwa heshima ya Profesa Kapilima. Ndiyo yaliyotupa Rukwatitan mwaka 2014 na Shingopana mwaka 2017, dinosaria ambaye jina lake msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Zirkoni za michanga yake ni za miamba ya kale iliyolizunguka bonde. Mpaka wa upande mmoja upo, lakini uko mbali mno usisaidie. Kwa hiyo watafiti wanategemea visukuku vyenyewe na kumbukumbu ya usumaku wa Dunia iliyobaki ndani ya mawe, na umri wa Shingopana ukatajwa kuwa kati ya miaka milioni 100 na 70. Pengo la miaka milioni 30 kwa mnyama mmoja, na kilomita chache kutoka hapo, taya lenye nukta.

Tabaka moja la majivu, nene kama kidole, likipatikana ndani ya mawe ya Galula, lingelifunga pengo hilo kwa msimu mmoja wa kazi.